Mpunga wa Majina Ishirini na Manne

Mbeya, 4 Machi 1997

Dada Tumaini,

Keti kwanza. Kama umepokea barua hii ukiwa mlangoni, ingia ndani uketi, maana habari niliyo nayo si ya kusomwa mtu akiwa amesimama.

Kompyuta ya mradi imefika! Imewekwa mezani kwangu, mimi Evodius, mtoto wa Bukoba, yule yule niliyekuja Januari kuwafundisha ninyi wadadisi kujaza fomu, mkanicheka nilipoacha kiatu kwenye tope la Bujonde. Leo ni zamu yangu kucheka. Kwa wiki tatu nimeingiza fomu zote mia nne na kumi na mbili, kila mkulima na mstari wake, na katika safu ya nne nimeweka jibu la lile swali kubwa kuliko yote: unalima mpunga gani?

Hebu yafikirie majibu hayo yamesimama wima kutoka juu hadi chini. Kilombero, Kilombero, Zambia, Kilombero, Supa, Zambia. Ningeyasoma kwa macho ningepofuka. Basi jana Bwana Lameck, msimamizi wetu, alipokwenda kunywa chai, nikaanza kupekuapekua amri za ile programu, nikakuta mahali pa kuchuja. Ndani yake kuna kisanduku kidogo ambacho ukikitia alama, mashine inakutolea kila jina mara moja tu. Hata kama limejirudia mara mia, linatokea mara moja! Nikabonyeza. Waitu, niliruka nikagonga goti kwenye meza, na bado linauma.

Nilitegemea majina kumi. Yalitoka themanini na moja. Kumi na nane yalikuwa makosa yangu, kwa sababu ukiacha nafasi tupu baada ya herufi ya mwisho, nafasi ambayo jicho haliioni, mashine inaapa kuwa huo ni mpunga mwingine kabisa. Hayo nimeyasafisha. Yamebaki sitini na matatu, na ishirini na matatu kati ya hayo yametoka kwenye fomu zako peke yako. Wa Ng'ambo. Mvuka Mto. Wa Kitambaa. Mrefu wa Nyumbani. Wa Shangazi. Ule Wenyewe. Dada Tumaini, "Ule Wenyewe" ni mpunga?

Unaijua sheria ya mradi. Mbegu yenye wakulima themanini na kuendelea ndiyo itakayosafishwa, izalishwe na kurudishwa kwa wale wale walioitaja. Iliyo chini ya hapo inaachwa, na waliokuwa wakiilima watapewa mbegu mpya ya kituo cha utafiti. Majina yako haya yana watu wawili wawili, watatu watatu. Yote yataanguka. Nieleze upesi, orodha inafungwa tarehe 15 Aprili.

Barua hii nimempa kondakta wa basi la Kyela, amesema anakufahamu.

Kaka yako,
Evodius


Bujonde, 11 Machi 1997

Kaka Evodius,

Ugonile? Nimeketi kama ulivyoamuru, tena kwenye kigoda, na barua yako nimeisoma mara tatu. Ndaga fijo kwa kunipa habari za mashine. Ningekuwa na mabawa ningekuja kukiona hicho kisanduku.

Sasa tusikilizane. Hakuna nyumba niliyoiruka, na hakuna jibu nililolitunga. Niliandika kile alichosema mkulima kama alivyokisema, maana wewe mwenyewe ulisimama mbele yetu na chaki mkononi ukasema tusimtafsirie mtu maneno yake. Mwanamke akisema "Wa Kitambaa", mimi ni nani nimwandikie kitu kingine?

Majina hayo ishirini na matatu ni ya mpunga mmoja. Ni ule ule. Punje yake ni ndefu, bua lake linabaki limesimama hata maji ya mto Songwe yakikaa shambani wiki nzima, na ukiupika jirani anakumbuka ghafla kuwa alikuwa na shida ya kuja kwako. Ni huo ndio unaotulisha. Uweke pamoja uuhesabu, basi, kazi imekwisha.

Nakuomba usichelewe. Tangu soko huria lianze, wanunuzi wanakuja na malori wanamimina kila mpunga kwenye gunia moja, na mbegu safi inazidi kupotea. Huu wetu ukiachwa, tukaletewa huo wa kituoni ambao haujawahi hata kuona mafuriko, baada ya misimu mitatu watoto wangu watausikia kwenye hadithi. Nilikubali kuzunguka na fomu kwenye mvua kwa sababu hiyo tu.

Kenani, mume wangu, anakusalimu. Anasema kiatu chako hakijaonekana.

Wako,
Tumaini


Mbeya, 18 Machi 1997

Dada Tumaini,

"Ni ule ule", unaniambia. Upi? Dada yangu, umeandika ukurasa mzima kuhusu mpunga huo, bua na punje na majirani, na jina lake hukulitaja hata mara moja!

Nimetafuta mwenyewe. Kwenye fomu za Bujonde, wanaume karibu wote na wanawake wachache wamejibu "Ambokile". Ni watu thelathini na wanane. Je, ndio huo? Kama ndio, nikijumlisha na wale wanawake wako hamsini na saba wenye majina ya ajabu napata tisini na watano, na tumeshinda. Lakini siwezi kujumlisha kwa hisia zangu. Bwana Lameck ameshaziona fomu. Anasema mdadisi wa Bujonde alikaa jikoni kwake akatunga majina ili aonekane amefanya kazi kubwa, na anataka kuzitupa zote.

Nimekuandalia karatasi yenye majina yako yote ya kutia alama, iko ndani ya bahasha. Imeandikwa: "Mimi Tumaini, mdadisi wa Bujonde, nathibitisha kuwa mipunga yote niliyoitia alama ni mpunga uitwao" halafu kuna mstari. Jaza jina kwa mkono wako, herufi nane tu, utie saini, uirudishe na basi la kesho.

Evodius


Bujonde, 26 Machi 1997

Kaka Evodius,

Karatasi yako inarudi. Saini iko. Alama ziko. Kwenye mstari sikuandika kitu, na usinikasirikie kabla hujafika mwisho wa barua hii.

Barua yako nimeisoma huku nimefunika mahali fulani kwa kidole gumba. Asifiwe, mke wa shemeji yangu, alikuwepo akaniomba nimsomee kwa sauti. Nilipofika pale nikakohoa. Naye akaelewa, akacheka mpaka akashika ukuta.

Huyo uliyemwandika ni mtu, siyo mpunga tu. Ni mzee aliye hai, mwenye nguvu zake, na ndiye aliyeupanda kwanza hapa kwetu, ndiyo maana watu wakauita kwa jina lake. Ni baba yake Kenani. Ni mkwe wangu.

Huko kwenu Bukoba sijui mnafanyaje. Huku kwetu kuna kutila. Mwanamke akishaolewa, humwogopa baba mkwe wake kwa heshima. Hakai naye, hali mbele yake, hamtazami usoni. Nikimwona anakuja njiani naingia kwenye migomba mpaka apite, hata kama nina ndoo ya maji kichwani. Na jina lake halipiti kinywani mwangu, wala mkono wangu hauliandiki. Ni miaka kumi na moja sasa. Ukiniuliza pua yake ikoje sijui, lakini kikohozi chake nakijua ukinipeleka hata Dar es Salaam.

Naye ana wana kumi na wanne, na wadogo zake watatu wana wana wao, na wake zao nao wanamtila huyu mzee vile vile. Hesabu mwenyewe wake wa watu hao kuanzia hapa mpaka Katumba Songwe. Hao ndio hamsini na saba wako. Kila mmoja anapaswa kuuita mpunga anaoulima, na kila mmoja amejitafutia njia ya kupita pembeni. Nilipokuwa naandika fomu sikuona ajabu yoyote. Tangu niolewe ndivyo tunavyoongea. Ni barua yako iliyonishtua, nikagundua kwamba kwenu ofisini tunaonekana waongo.

Sikutunga, kaka. Hilo limeniuma. Mwambie Bwana Lameck nilipita kwenye maji ya kiunoni kumfuata mama mmoja Ndandalo, na jibu lake lilikuwa neno moja.

Pasaka njema. Tunaimba kanisani Jumapili, ukipata nafasi utuombee huo mpunga.

Tumaini


Mbeya, 2 Aprili 1997

Dada Tumaini!

Nisamehe. Kwanza nisamehe, halafu furahi pamoja nami, maana nimepata dawa!

Barua yako ilinifikia saa nne asubuhi, na mpaka saa sita nilikuwa nimeshika kichwa. Halafu likanijia. Mimi nilitaka jina, lakini mashine haijali jina! Mashine haina mkwe. Kinachotakiwa ni kuiambia kwamba hiki na hiki ni kundi moja, na kundi linaweza kuitwa hata Moja.

Angalia karatasi nilizokutumia. Nimechapa majina yote sitini na matatu, kila jina mara moja, upande wa kushoto. Upande wa kulia nimeacha safu ya pili tupu. Wewe keti na kina mama, mwandike namba tu. Mpunga mmoja, namba moja, uitwe na watu kwa majina mangapi. Mpunga mwingine, namba mbili. Msimtaje mtu yeyote. Mkinirudishia, nitaiambia mashine ichukue kila mkulima katika wale mia nne na kumi na mbili, itazame jina alilolisema, iende kwenye orodha yenu kutafuta namba yake, na kuibandika ubavuni. Nimejaribu kwa majina matano ya uongo. Inafanya! Inajaza safu nzima kabla hujamaliza kupiga chafya.

Na yale maneno ya kina mama sitayafuta. Yatabaki kwenye safu ya nne kama yalivyosemwa, na namba itakaa ya tano. Bwana Lameck akiuliza, ataona vyote viwili.

Harakisha dada yangu, zimebaki siku kumi na tatu. Leo nimesahau hata kula.

Evodius


Bujonde, 8 Aprili 1997

Kaka Evodius,

Hizo hapo! Majina yote sitini na matatu yana namba!

Laiti ungekuwepo. Nilidhani tutakuwa watano, walikuja ishirini na sita, kila mmoja na mbegu yake kwenye kibuyu au kwenye kona ya khanga. Nilikuwa nasoma jina la kwenye karatasi, mwenye nalo anamimina punje kwenye ungo, wenzake wanazitafuna, wanazilinganisha kwa kucha, halafu wanapiga kelele namba. "Moja! Hiyo ni moja!" Mvua ilikuwa inanyesha na hakuna aliyetaka kwenda nyumbani. Asifiwe ndiye aliyeliandikisha lile la "Ule Wenyewe", na kila nilipolisoma walimzomea.

Tuligombana mara moja tu. Mama Elizabeth wa Ndandalo alishikilia kuwa wake uitwao Mrefu wa Nyumbani ni tofauti na wetu. Hatukumbishia, tulipika. Vyungu viwili, maji sawa, na tukamfunga yeye mwenyewe macho kwa kitambaa aonje. Akaonja, akaonja tena, akasema hawezi kujua. Namba moja.

Kwa ujumla yale majina yote sitini na matatu ni mipunga tisa. Mingine nayo ilikuwa na vituko vyake, watu wa mto wanaita hivi na watu wa barabarani wanaita vile, lakini huu wetu umeishinda yote. Umekusanya majina ishirini na matatu pamoja na lile moja ninaloliruka. Sikuwahi kujua. Kila mmoja wetu alijua lake na la jirani yake, kumbe kuna mwingine kule kando ya Songwe anasema Mvuka Mto, na mwingine anasema Wa Shangazi, wala hajui kwa nini, alimsikia mama mkwe wake akisema hivyo.

Hesabu upesi unijibu. Sisi hatulali.

Tumaini


Mbeya, 15 Aprili 1997

Dada Tumaini,

Tisini na watano! Nimekimbia kumwonyesha Bwana Lameck karatasi ikiwa bado ina joto la mashine. Ameipitia mstari kwa mstari, akauliza nani alibuni hiyo safu ya namba. Nikasema mimi na kina mama wa Bujonde. Akasema ni kazi safi. Bwana Lameck! Mtu ambaye hajawahi kumsifu hata mke wake! Mpunga umeingia kwenye orodha leo hii, siku ya mwisho.

Lakini kuna jambo, na nimelizunguka tangu asubuhi nikitafuta namna ya kuliandika.

Jumamosi tarehe 10 Mei Bwana Lameck anakuja Bujonde na mkaguzi wa mbegu kuhakikisha. Mkutano wa hadhara. Kila mkulima ataitwa kwa fomu yake, atasimama, na kuutaja mpunga wake kwa kinywa chake. Jibu lisilolingana na orodha iliyochapwa, mkulima anakatwa. Tukishuka chini ya themanini, mpunga wenyewe unakatwa. Na orodha iliyochapwa haiwezi kusema "Moja", lazima iwe na jina. Nimeeleza kutila kwa dakika arobaini. Bwana Lameck akasema, mtu mzima hawezi kushindwa kutaja mbegu yake.

Sikukubali kukaa hivi hivi. Nimefanya jambo na nadhani utalifurahia. Nimemwandikia mzee mwenyewe. Nimemwomba kwa adabu zote awaruhusu wakwe zake walitaje jina lake kwa siku hiyo moja tu, na nimeambatanisha ile orodha ya majina ili aone mnavyohangaika. Barua imekuja na basi hili hili.

Evodius


Bujonde, 21 Aprili 1997

Evodius,

Umefanya nini!

Umemwambia mkwe wangu kuwa wakwe zake wanaomba kumtaja. Unajua hilo linasikikaje? Ni kama umemwandikia kwamba tunataka kuja kula naye sahani moja. Ameisoma barua yako barazani kwake, akainuka, akaingia ndani, hajatoka siku tatu. Mama mkwe wangu, Mama Milka, anapita hapa bila salamu. Kenani aliitwa, na aliporudi alisema baba anauliza huyo mwanamke anayewaandikia watu wa serikali habari zake ni yupi. Huyo mwanamke ni mimi. Nimeambiwa niweke kalamu chini, kazi ya udadisi basi.

Na hata angeruhusu! Hukuelewa nilichokuandikia. Si kibali kinachokosekana. Akisimama hadharani aseme tajeni, vinywa vyetu vitakataa. Nimejaribu jana peke yangu shambani, hakuna mtu, ndege tu, nikasema nitalisema kwa sauti ndogo. Halikutoka, nikarudi kupalilia.

Nina hasira nawe na nina hofu. Tumefika kwenye orodha tukiwa tisini na watano, tutaanguka kwa sababu ya vinywa hamsini na saba. Naandika hii kwa kujificha. Usinijibu mpaka nikuandikie.

T.


Bujonde, 28 Aprili 1997

Bwana Evodius,

Mimi ndiye Ambokile. Barua yako niliipata. Miwani yangu imebaki kioo kimoja, kwa hiyo niliisoma kwa jicho la kulia na kukasirika kwa yote mawili.

Wewe ni kijana na umesoma, lakini mtu hajengi nyumba ya mwenzake kwa kuanza kung'oa mlango. Jina langu nililipewa na baba yangu. Nimefanya kazi migodini Afrika Kusini miaka sita, wazungu walinipa namba, nikarudi na jina langu. Nilipoona mtu wa ofisini anataka niligawe mkutanoni kama karanga, nilitaka kukuchania barua na kukurudishia vipande. Siku tano nilikaa na hasira hiyo, nikaona raha yake.

Siku ya sita mke wangu Milka aliichukua ile karatasi yako ya majina akaanza kunisomea wakati nakula. Hakusema lolote la kwake, alisoma tu. Wa Ng'ambo. Mvuka Mto. Wa Kitambaa. Alipofika Wa Shangazi akanitazama. Nikaweka tonge chini.

Sasa nitakuambia kitu ambacho sikukisema kwa miaka thelathini na mitatu. Mpunga ule sikuuleta kwa akili yangu. Mwaka 1964 nilivuka Songwe kwenda kwenye msiba Karonga, kwa dada yangu Atupele aliyeolewa huko. Alinionyesha shamba lake. Alikuwa amechagua mbegu kwa mkono, suke kwa suke, misimu saba, akitafuta ile isiyolala kwenye maji. Alinifungia kibaba kimoja kwenye kitambaa chake cha kichwani. Niliupanda hapa, ukaota, watu wakaja wakauliza ni mpunga gani huu. Wakaanza kuuita kwa jina langu, nami nikakaa kimya, maana ilikuwa tamu. Kila mavuno nasikia jina langu sokoni. Nani angekataa?

Wake zangu walijua. Waliogopa kusema, lakini naona waliwaachia wakwe zao maneno madogo madogo, na wakwe wakayaleta mpaka kwenye mashine yako bila kujua wamebeba nini. Nimeshtakiwa na orodha, Bwana Evodius.

Basi andika hivi. Mpunga unaitwa Atupele. Dada wa mkwe hatilwi kwetu, kila mwanamke anaweza kumtaja bila kuvunja kitu. Futa langu. Nasema futa, na usinitumie barua ya kunishukuru, maana bado inauma.

Mwambie yule mke wa Kenani kwamba kalamu yake irudi kazini. Mimi siwezi kumwambia mwenyewe, unajua sababu.

Ambokile


Mbeya, 3 Mei 1997

Dada Tumaini,

Ulisema nisikuandikie, lakini naandika kwa amri ya aliye juu yako na yangu. Soma barua ya mzee niliyoiweka humu ndani, unaweza kufunika jina lake kwa kidole, mwanzo na mwisho. Kisha chukua kalamu yako, imerudishwa rasmi!

Nimekwishabadilisha. Safu ya tano, kila palipo na namba moja, mashine imeandika Atupele, mistari tisini na mitano kwa pigo moja. Bwana Lameck alikubali bila maneno. Alisema jina alitoe nani, kama si mwenye nalo?

Zimebaki siku saba. Mfikie kila mkulima, kwa sababu yeyote atakayesema lile la zamani atakatwa. Na nisamehe kwa ujinga wangu. Niliandika kwa pupa.

Evodius


Bujonde, 11 Mei 1997

Kaka Evodius,

Nimekusamehe tangu jana saa tano asubuhi, na hapa nakuambia kwa nini, kabla Bwana Lameck hajakuhadithia vibaya.

Siku zile saba nilitembea kuliko Januari. Tulidhani tatizo litakuwa kina mama. Kina mama walilishika jina siku ile ile, walikuwa wanalisema njiani, kwenye maji, bila sababu. Tatizo walikuwa wanaume! Wamezoea lile lingine tangu utotoni. Jana alipoitwa wa kwanza, shemeji yangu Hezroni, mtu mzima mwenye ndevu, alisimama kifua mbele akasema lile la zamani. Mkaguzi akamkata papo hapo. Wa pili naye hivyo hivyo. Kenani wangu alianza silabi ya kwanza, nikamtupia kokoto mgongoni akageuza haraka. Walikatwa tisa kwa ukaidi wa ndimi zao, na mpaka sasa hawaongei na mtu. Mara tisini na watano wakawa themanini na sita. Nilihesabu kwa vidole chini ya khanga. Saba wengine tungekuwa tumekwisha.

Mzee alikuwepo. Alikuja mapema akaweka kiti chake pembeni kabisa, akakaa ametupa mgongo, anatazama mashamba, ili wakwe zake tuweze kusimama mkutanoni. Hakugeuka mkutano mzima.

Halafu kuna hili ambalo hata mimi sikulijua. Alikuwa amemtuma mtu Karonga. Zamu ya kina mama ilipoanza, ikaingia baiskeli imesukumwa kutoka darajani, na kwenye karia yake amekaa bibi mdogo mkavu, kitambaa cheupe kichwani, macho yamefunikwa na ukungu. Alikuwa ni shangazi mwenyewe. Walimketisha mbele, karibu na meza ya mkaguzi. Haoni vizuri na nadhani hakuwa ameelezwa chochote, au alielezwa akasahau.

Mkaguzi akamwita Asifiwe. "Unalima mpunga gani?" Asifiwe akasimama, akasema kwa sauti yake ile, "Atupele!"

Na bibi akaitika. "Nipo."

Akaitwa wa pili, akasema Atupele, na bibi akageuza kichwa upande wa sauti, "Nipo, mwanangu." Wa tatu. Wa nne. Mkaguzi akaacha kuandika, kisha akaandika. Hakuna aliyethubutu kumwambia bibi kuwa haitwi yeye, maana nani angesema haitwi yeye? Hamsini na sita walisimama mmoja mmoja na hakuna aliyekosea, na hamsini na sita waliitikiwa. Kufika katikati kina mama walikuwa wanalia na kucheka kwa pamoja, na bibi alikuwa anaitika kwa sauti inayokua, mgongo umenyooka, kama msichana anayeitwa na mama yake toka ng'ambo ya pili ya shamba.

Mimi niliitwa wa mwisho, kwa kuwa ni mdadisi. Themanini na sita zilikuwa zinaningoja mimi tu zitimie. Nilikuwa nimejiandaa kusema kwa utulivu kama mtu wa ofisi. Nilisimama, bibi akanigeuzia sikio.

Miaka kumi na moja nimeulima ule mpunga, Evodius. Nimeupanda nikiwa na mimba, nimeuvuna, nimeutwanga, nimewalisha wanangu, na hata siku moja sikuwahi kuuita. Nikafungua kinywa nikauita, nao ukaniitikia.

Tumaini